Unga wa Ngamiani Usio na Ngano: Mkate Umeumuka, Tena Umeumuka Kweli!

Wapenzi wa mkate, sikilizeni! Mkate mzuri, wa kuumuka, wa kukatwa slesi na kupakwa siagi, unapikika bila chembe ya ngano, na kila unga unaohitajika unauzwa Ngamiani, hapa mjini Tanga, kwa kilo na kwa sado, mahali pale pale tunaponunua sembe na maharage. Hakuna haja ya kuagiza pakiti kutoka Dubai. Hakuna haja ya kumpigia simu ndugu aliyeko Uingereza. Nimenunua mchele, muhogo, mtama, uwele, ulezi, mahindi na dengu, nimesaga, nimechekecha, nimechanganya, nimeoka, na naandika haya jikoni kukiwa bado kunanukia. Nina furaha isiyo kifani, na nataka kila nyumba ya Tanga ijue sababu yake.

Naandika kwanza kwa wale ambao slesi moja ya mkate wa dukani huwalaza kitandani. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini. Zikipata maji na kukandwa, huungana zikawa gluteni, utando unaovutika na kunasa hewa ya hamira. Ndiyo siri ya mkate wa ngano kufura. Shayiri na rai nazo zina protini za ukoo huo. Kwa watu wengi hazina neno. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huigeukia gluteni na kuushambulia utumbo mwembamba, mpaka vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinabapa. Tumbo linajaa, mtu anaharisha, anakonda, damu inapungua, mtoto anadumaa huku anakula. Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 katika kila 100 ana ugonjwa huu, na wengi hawajijui.

Aliyeunganisha ugonjwa huu na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alishaishuku ngano tangu miaka ya 1930. Ilipofika njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini kwao, na watoto wenye maradhi haya wakapata nafuu badala ya kuzidiwa. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mwaka 1950 akaandika utafiti wake, na hadi leo tiba ni ile ile: kuacha gluteni maisha yote.

Kama unajishuku, usikimbilie kuacha ngano kabla ya kumwona daktari. Kipimo cha damu hutegemea mwili uwe bado unapokea gluteni. Ukiacha mapema, majibu yanaweza kukudanganya. Pima kwanza, halafu njoo jikoni, maana jikoni ndiko kwenye raha!

Pwani hii haianzi leo

Kinachonisisimua zaidi ya yote ni kwamba watu wa mwambao hawaanzi somo hili darasa la kwanza. Tumelifanya kwa karne nyingi! Mkate wa kumimina ni mchele, tui, hamira na hiliki. Vitumbua ni mchele. Vibibi ni mchele. Chila ni mchele. Na mofa, kile kimkate cha duara kinachookwa kwenye tanuri la udongo, asili yake ni unga wa mtama. Kabla mkate wa boflo haujashika meza zetu za asubuhi, nafaka za hapa ndizo zilizotushibisha.

Hata ardhi inatoa ushahidi. Mwanaakiolojia Sarah Walshaw alichunguza mabaki ya nafaka yaliyoungua katika makazi ya kale ya Pemba, ng'ambo tu ya bahari yetu. Katika karne za mwanzo akakuta uwele ndio uliotawala. Kuanzia karne ya 11 hivi, mchele ukapanda na kushika nafasi ya kwanza. Uwele kisha mchele! Ngano hata leo Tanzania huagiza sehemu kubwa kutoka nje. Kwa hiyo anayeoka mkate wa mchele Ngamiani anaendeleza kazi ya bibi zake.

Nilivyopima ni hivi. Kila unga niliutazama kwa mambo manne: unaumuka kiasi gani, slesi inakatika bila kumomonyoka, ladha yake, na hali yake kesho yake asubuhi. Haya sasa, twende gunia kwa gunia.

Mchele: huyu ndiye mfalme

Unga wa mchele ni mweupe, mpole, hauna ladha ya kupigana na kitu, na tumbo linaupokea vizuri. Huku kwetu upo wa mashamba ya umwagiliaji ya Mombo, wilayani Korogwe, na upo wa Mbeya na Morogoro. Kwa mkate, chagua mchele ambao ukipikwa unachambuka. Ule wa kunata sana hutoa mkate wenye uji katikati.

Lakini uzuri wote uko kwenye namna ya kusaga, na hapa naomba masikio yenu yote mawili. Unga wa mchele mkavu uliosagwa mashineni ni mzuri kwa uji. Mkononi una chengachenga, na mkate wake unatoka mzito, unaomomonyoka kisu kikigusa. Sasa chukua mchele ule ule, uloweke usiku kucha, asubuhi uchuje, kisha uutwange kwenye kinu na kuuchekecha, au uusage kwenye blenda na tui. Mambo yanabadilika kabisa! Punje iliyolowa imelainika. Inavunjika kwa upole na kutoa unga laini unaoteleza kati ya vidole. Tonge halina mchanga, povu linasimama, mkate unafura.

Sababu ya kitaalamu ipo. Ndani ya punje ya mchele kuna chembechembe za wanga. Kusaga kukavu huzipasua nyingi kwa msuguano na joto. Zilizopasuka hunywa maji ovyo na kushindwa kushikilia hewa. Kusaga mchele uliolowa huziacha nyingi zikiwa nzima. Mwaka 2017 watafiti wa Japani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, walieleza jinsi mkate wa mchele mtupu, usio na gluteni wala gundi ya kuongeza, unavyoweza kuumuka endapo wanga wa unga wake haujaumizwa sana katika kusagwa: chembe nzima huzingira mapovu ya hewa na kuyazuia yasipasuke. Nilipoisoma habari hiyo nilipiga makofi peke yangu! Akina mama wa mwambao wanaloweka mchele wao usiku tangu enzi na enzi, na maabara ya Japani inawaunga mkono.

Kuumuka: bora kuliko zote, ukiloweka. Slesi: nzuri. Ladha: tamu, tulivu. Kesho yake: mkate hukauka na kuwa mgumu, lakini ukichomwa kidogo unarudi.

Muhogo: mvutano tunaoutafuta

Muuza unga aliponiuliza, "Wa bada au wa uji, mwanangu?" nikamjibu, "Wa mkate, mama." Akanitazama sawasawa, akachota kwa kopo kutoka gunia la nyuma, akanimiminia kiganjani. "Basi chukua huu, makopa yake yamekauka vizuri. Sugua." Nikasugua. Unga mweupe wa muhogo uliokauka vyema hulia chini ya kidole gumba, unanata kidogo, kisha unatawanyika. Haukuwa na harufu ya uvundo wala madoa ya ukungu. Nikanunua palepale!

Muhogo hauna gluteni hata kidogo, lakini wanga wake ukipata joto na maji huvutika. Kila aliyesonga bada anaujua mvuto ule. Ndani ya mkate, mvuto huo ndio unaoshika slesi isibomoke. Mchele peke yake huvunjika; tia muhogo robo ya unga wote, slesi inakunjika bila kupasuka. Inakunjika, jamani! Ila usivuke theluthi, maana ukizidisha mkate unakuwa na utelezi katikati na kugandia menoni.

Nami nauheshimu muhogo huu kwa sababu nyingine ya nyumbani. Pale Amani, milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ni kwenye miinuko ya Usambara hiyo ambako mtafiti H. H. Storey alieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha mizizi ya muhogo. Yeye na wenzake wakaanza kuchanganya muhogo wa shambani na jamaa yake wa porini, mpira wa Ceara, wapate mbegu inayohimili batobato na michirizi. Mojawapo ya mbegu zilizotoka Amani inalimwa hadi leo. Pwani ya Kenya huitwa Kaleso, kusini mwa Tanzania huitwa Namikonga, na wataalamu bado wanaitumia kuzalisha mbegu mpya. Muhogo wa Afrika Mashariki umetafutiwa dawa mkoani kwetu!

Jambo moja la usalama. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na usipotayarishwa vizuri huweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliowahi kuwapata watu wa Tarime mwaka 1985. Nunua unga wa muhogo mtamu, kama wa kibandameno, kutoka kwa mtu unayemwamini. Ukiwa na shaka, lowesha unga kwa maji, utandaze uwe tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ipeperuke, kisha uutumie siku hiyo hiyo.

Kuumuka: wastani. Slesi: hodari kabisa. Ladha: hafifu, safi. Kesho yake: unausaidia mchele ubaki laini.

Mtama: hapa ndipo mkate unapopata tabia

Mkate wa mchele na muhogo ni mtamu, ila haujashiba. Tia mtama, uone! Mtama mweupe una ladha ya nafaka halisi, ukaribu fulani na mkate wa ngano ambao nafaka nyingine hazina. Gamba linakuwa la kahawia, harufu inajaa nyumba, na tumbo linakaa na chakula mpaka adhuhuri. Kati ya aina zote nilizopima, huu ndio ulionishangaza zaidi.

Chagua mtama mweupe, si mwekundu. Mwekundu huweza kuwa na tanini nyingi, zinazoacha uchungu na ukakasi ulimini. Mweupe, kama ile aina ya Macia inayolimwa sana kanda ya kati, ni mpole. Omba usagwe laini na ukifika nyumbani uchekeche tena. Na unga wa mtama unakunywa maji taratibu, kwa hiyo ukishachanganya uache utulie kabla ya kuoka. Ukiharakisha, utautafuna mchanga.

Kuumuka: mzuri ukisaidiwa. Slesi: nzuri. Ladha: nambari moja! Kesho yake: mzuri kuliko mchele.

Uwele, ulezi, mahindi na dengu: wasaidizi

Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka wenzake. Mafuta hayo ndiyo utamu wake, na ndiyo adui yake. Ukishasagwa huanza kuchacha upesi na kuwa mchungu. Nunua punje, saga kidogo, tumia wiki hiyo hiyo. Ukiwa mbichi, una utamu wa kokwa ambao sitausahau.

Ulezi tunaujua kwenye uji wa watoto, na tuna haki. Katika gramu 100 kuna miligramu zaidi ya 300 za kalisi, kiasi ambacho nafaka nyingine hazikikaribii. Kwenye mkate, vijiko viwili au vitatu vya ulezi hutoa rangi ya kahawia na harufu nzuri mno. Ukizidisha, mkate unakuwa mzito na mkavu.

Mahindi ya Handeni na Kilindi hayakosekani sokoni. Sembe laini inafaa kuliko dona, lakini vyote viwili hufanya mkate umomonyoke. Dawa ni kumwagia unga maji ya moto kwanza, uive nusu, ndipo uuchanganye. Kwa mkate wa sufuria wa kuliwa na mchuzi, ni mtamu; kwa slesi za siagi, hapana.

Dengu ni ya kutia vijiko viwili tu. Protini yake husaidia gamba kupata rangi na ukakamavu. Ukizidisha, mkate unanukia bajia.

Kinachoshika badala ya gluteni

Bila gluteni, nani atanasa hewa? Hapa wapishi wengi hukata tamaa, na hapa ndipo nimepata furaha yangu kubwa! Wasaidizi ni wanne. Yai, hasa ute wake, hushika povu. Uji mzito uliopikwa kwa sehemu ya unga huo huo, kama wafanyavyo wapika vitumbua, hufunga donge. Muhogo nao huvuta. Na wa nne ni maganda ya isabgol, yale yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya Wahindi kwa wenye choo kigumu. Yakitiwa maji hufanya ute mzito unaonyumbuka. Kwa mara ya kwanza niliweza kushika donge lisilo na ngano mikononi, nikalifinyanga, nikaliviringisha, nikaliweka kwenye bati bila kulimimina! Kabla ya hapo mkate usio na ngano ulikuwa wa kumimina tu. Hii ni hatua kubwa kwa jiko la nyumbani.

Mkate niliouchagua

Baada ya kupima zote, mchanganyiko ulioshinda ni huu. Unga wa mchele uliolowekwa, ukatwangwa, ukachekechwa na kuanikwa ukauke, gramu 200. Unga wa mtama mweupe, gramu 100. Unga wa muhogo, gramu 100. Maganda ya isabgol, gramu 20, sawa na vijiko vinne vikubwa. Hamira vijiko vidogo viwili, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko kidogo kimoja na robo, mafuta vijiko vikubwa viwili, mayai mawili, na maji ya uvuguvugu mililita 350.

Koroga isabgol kwenye maji, subiri dakika chache mpaka yawe mazito. Changanya unga, hamira, sukari na chumvi. Tia mayai, mafuta na ule ute wa isabgol. Koroga kwa nguvu. Hapa hakuna gluteni ya kuumiza, kwa hiyo usiwe na huruma. Tia kwenye chombo cha mkate kilichopakwa mafuta, sawazisha juu kwa mkono wenye maji, funika, acha uumuke mpaka uongezeke nusu yake. Joto la Tanga linafanya kazi hiyo upesi, basi usiuache ukapitiliza. Ukishapanda sana, utando wake dhaifu hupasuka, na mkate unaporomoka ndani ya oveni.

Oka kwa nyuzi 200 kwa saa nzima. Usipokuwa na oveni, sufuria nzito na makaa yanatosha: moto mdogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kama tunavyopalia mkate wa kumimina. Ukiupigapiga chini na kusikia mlio wa utupu, umeiva.

Na sasa subira! Usiukate ukiwa wa moto. Wanga unaendelea kujifunga wakati mkate unapoa. Ukikata mapema, ndani utaonekana mbichi hata kama umeiva. Subiri upoe kabisa. Nilipoukata wangu, kisu kilipita bila kuburuta. Ndani kulikuwa na matundu madogo madogo, mengi, yamesambaa sawasawa mpaka pembeni. Gamba likalia chini ya kisu. Nikakunja slesi, haikuvunjika. Nikapaka siagi, nikala, nikakata nyingine.

Mabaki usiyaweke kwenye friji, maana baridi hiyo huufanya wanga ukakamae haraka. Kata slesi, ugandishe kwenye friza, kisha chukua unayotaka na kuichoma.

Asiyetaka kufinyanga, arudi kwenye kumimina. Mchele vikombe viwili uliolala majini usiku kucha, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kidogo, hiliki ya Usambara, na ute wa yai moja. Saga mpaka iwe laini kabisa, acha itoe povu, mimina kwenye sufuria iliyopashwa na kupakwa mafuta, palia makaa juu. Huo hauhitaji isabgol wala muhogo. Umekamilika wenyewe.

Hatari iliyoko mashineni

Sasa naongea na mwenye siliaki, na naongea kwa uzito. Nafaka inaweza kuwa salama shambani na kuharibika mashineni. Mashine nyingi za mtaani husaga kila kinacholetwa: mahindi, mtama, soya, na ngano ya unga wa lishe. Vumbi la ngano hubaki ndani, na wewe unayefuata unalichukua.

Fanya hesabu hii. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Gramu moja tu ya unga wa ngano ina takriban miligramu 80 hadi 100 za gluteni. Yaani gramu moja, chini ya nusu ya kijiko kidogo, ikiingia katika kilo yako ya mtama, unga huo umeshavuka kiwango mara nne au zaidi. Macho hayawezi kuiona.

Kwa hiyo, nunua punje nzima, zichambue na kuziosha, na usage mwenyewe. Kinu na mchi wa nyumbani, au blenda isiyoguswa na ngano, ndiyo mashine salama kuliko zote. Tenga chekeche lako, mwiko wako na chombo chako cha kuokea. Unga wa lishe usiununue bila kujua kilichomo, kwa kuwa mara nyingi ngano imo. Soma pakiti ya baking powder, nyingine huwekewa wanga wa ngano. Na ukinunua vitumbua, mofa au mkate wa kumimina barabarani, uliza kwa adabu kama pametiwa ngano, kwani wapo wanaotia kijiko ili ushikane. Kwao ni kijiko, kwako ni ugonjwa.

Hukumu

Kama utanunua aina moja tu, nunua mchele, na uuloweke. Kama utanunua mbili, ongeza muhogo. Kama unataka mkate utakaomfanya mgeni asiulize ngano iko wapi, ongeza mtama mweupe, na pakiti ya isabgol kutoka duka la dawa. Uwele na ulezi ni za kuonja na kurembesha. Mahindi yabaki kwa mkate wa mchuzi. Dengu vijiko viwili, basi.

Nawaomba wasagaji wa Ngamiani jambo moja: tengeni mashine moja, hata iwe ndogo, isiyoguswa na ngano, na muandike hivyo mlangoni. Wateja mtawapata, na kuna mtoto ambaye kwa sababu hiyo atakula mkate bila kuumwa. Nanyi waokaji, lowekeni mchele usiku wa leo. Kesho asubuhi mtaoka mkate ambao kila mtu mezani anaweza kuula.